Posa Yangu Ndani ya Kamera ya Bi Mize

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyelikuta limeshafungiwa maandazi, asihangaike. Mambo yenyewe ni haya. Mimi Shaame, fundi wa kamera, nampenda Faiza wa duka la dawa la Michenzani. Baba yake, Mahfoudh, yuko Maskati kikazi. Bibi yake, Bi Mize, anaishi peke yake Kiponda, katika nyumba ya ghorofa yenye ngazi za kupandia kwa dua. Mwaka jana aliteleza, akakaa chini ya ngazi mpaka jirani alipokuja kuazima kinu.

Tangu hapo Mahfoudh hana raha. Akaniagiza nifunge kamera ukumbini kwa mama yake, ili yeye huko aliko afungue simu na kumwona. Nikaifunga. Picha ikatoka safi, hata nzi akitua kwenye kitambaa cha meza unamjua. Mahfoudh akafurahi, na katika furaha ile akatamka maneno niliyoyasubiri tangu mfungo: "Washenga wako waje Ijumaa, baada ya Alasiri. Mimi nitakuwepo kwa hiyo hiyo kamera."

Niliwaacheni hapo, natembea Darajani miguu haigusi chini. Basi wiki hii imegusa.

Jumatatu simu ililia sijamaliza chai.

"Shaame," alisema Mahfoudh. "Namtafuta mama simwoni."

"Labda yuko jikoni, Ami."

"Si mama tu. Kiti sikioni, kabati silioni, ukumbi siuoni. Naona kiza."

Nikafungua programu kwenye simu yangu. Nukta ya kijani inawaka, maana yake kamera iko hewani. Saa ya pembeni inakwenda kama kawaida. Picha yenyewe nyeusi tii.

Fundi yeyote atakwambia kwamba mtandao ukikatika, picha huganda, au kile kiduara huzunguka mpaka ukichukie. Hii haikuganda wala haikuzunguka. Ilikuwa nyeusi kwa raha zake.

"Dogo hilo, Ami," nilisema, na hilo ndilo neno la kwanza nililolijutia wiki hii.

Nikafika Kiponda natweta. Mlango wa Bi Mize huwa wazi mchana kutwa, lakini usidanganyike. Kwake haingii mtu bila ya hodi, na akipiga tatu asijibiwe, anarudi alikotoka.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi Shaame, Bibi."

"Karibu, mwanangu. Subiri kidogo."

Nikasikia ndara zake zikikokota huku na huku, kisha akafunua pazia, kajitanda mtandio wake vizuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kulitazama jicho lako?"

Nikalitazama. Limetulia juu ya kabati, halina shida na mtu. Nikafungua simu: picha safi kabisa. Kiti, saa ya ukutani, meza, na mimi mwenyewe nimeinama, tena kwa upande wa nyuma.

Nikampigia Mahfoudh. "Namwona," akasema. "Na wewe nakuona. Kula, kijana."

Nikanywa kahawa, nikala kashata, nikaaga. Sijafika sokoni, simu ikalia.

"Shaame. Kiza."

Nikarudi mbio. Hodi, nani, karibu, subiri kidogo. Picha safi. Nikatoka. Kiza. Nikarudi. Picha safi. Mara ya nne Bi Mize alishanitengea kiti.

"Mwanangu," aliniambia, "kama unapenda kashata zangu sema tu. Si lazima kila mara kitu kiharibike."

Nilicheka kwa mdomo tu. Ugonjwa unaomwona daktari ukakimbia ndio mbaya kuliko wote.

Kwanza nikazilaumu kuta. Kuta za Mji Mkongwe mnazijua, jirani anaweza kuoza binti yake kwa ngoma na tarumbeta ukasikia kesho. Nikaihamisha rauta, kile kisanduku cha intaneti, kutoka chumbani nikaiweka kwenye ngazi. Kiza. Nikaipandisha ghorofani. Kiza. Nikavuta waya mrefu mpaka Bi Mize akaanika soksi juu yake.

Jumanne nikalilaumu neno la siri. Nikalibadilisha, nikasahau kumwambia Mahfoudh. Akajaribu la zamani, akajaribu tena na tena, mpaka programu ikamfungia nje kama mwizi.

"Ifute, Ami, uiweke upya," nilimshauri.

Akafuta. Akafuta ile inayomkumbusha nyakati za sala.

"Leo nimechelewa Adhuhuri," alinipigia kuniambia. "Kwa ajili yako."

Ikabaki sababu moja, na naona haya kuiandika. Nilikata shauri kwamba ni mwili wangu. Nikiwa ndani kamera inaona, nikitoka haioni. Basi bila shaka nina kitu ndani yangu kinachovuta mtandao. Nikamwandikia Faiza: "Nadhani mimi ni mnara."

Akajibu hapo hapo: "Mnara gani unakula kashata mara nne kwa siku? Bibi kashanambia."

Kisha akaandika: "Lakini umemuuliza mwenyewe?"

"Bibi anajua nini habari za mtandao?"

"Sijakwambia umuulize mtandao."

Sikumwelewa. Mtu akishajiona mnara haelewi tena watu wadogo.

Jumatano ndipo liliponishukia. Kuna mtu anaitwa Nadir. Ana duka la kamera Mlandege, lina vioo, na jina lake limeandikwa kwenye fulana ya kila anayemfanyia kazi. Nadir naye anamtaka Faiza, na halifichi.

"Nimezungumza na Nadir," alisema Mahfoudh. "Kasema kamera yako mbovu. Ijumaa analeta yake, na wazee wake wanakuja nayo."

"Wanakuja kufunga kamera, Ami?"

"Wanakuja kuposa. Shaame, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini siwezi kumpa binti yangu mtu aliyeshindwa kunionesha mama yangu. Kesho ukinipa picha, wewe. Usiponipa, Nadir."

Sikula siku ile. Faiza alinipigia mara mbili sikupokea, kwa sababu nilijua nikisikia sauti yake nitalia, na mnara haulii.

Alhamisi nikaenda Kiponda, lakini sikuingia. Nikakaa kwenye baraza la nje, mgongo ukutani, simu mkononi. Nilitaka kujua kama mwili wangu unafanya kazi kupitia ukuta. Nikafungua programu. Kiza.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba siku ya kwanza niliizima sauti, nikijidai nampunguzia Mahfoudh matumizi ya bando. Nikaifungua.

Nikasikia nazi inakunwa. Kwaru, kwaru, kwaru. Na Bi Mize anajiimbia kasida kwa sauti ya chini, yuko na raha zake.

Basi kamera nzima. Inasikia kila kitu, kuona ndiyo haitaki. Nikabaki nimekodoa macho kwenye kile kiza, na pale pale jirani yake Khamisa akanipita na bakuli lililofunikwa kawa, akasimama mlangoni.

"Hodi," alisema Khamisa, na hodi ile nikaisikia mara mbili, moja kwake na moja kwenye simu.

"Nani?"

"Khamisa."

"Karibu, shoga yangu. Subiri kidogo."

Ndara zikakokota. Zikakaribia, zikakaribia, mpaka nikasikia pumzi yake. Na kile kiza nilichokipigania wiki nzima kikaanza kutembea. Kikajikunja, kikajivuta pembeni, mwangaza ukaingia, na uso wa Bi Mize ukajaa kwenye simu yangu sikio kwa sikio. Mkononi ameshika buibui lake la zamani, analikunja.

Alikuwa akiivisha kamera buibui.

Nikaruka barazani nikaingia ndani bila ya kufikiri. Bi Mize kuniona tu, akalirudisha buibui juu ya kamera.

"Toka," alisema. "Uanze upya."

Nikatoka. Nikapiga hodi. Nikaulizwa nani, na mimi nikasema. Nikakaribishwa. Khamisa alikuwa anacheka mpaka bakuli linamtikisika.

"Bibi," nilisema, "kwa nini unaifunika?"

"Kwa nini nsiifunike? Mtu yuko Maskati huko, anafungua simu yake, hee, kashaingia ndani mwangu. Kapiga hodi? Hakupiga. Mimi niko kichwa wazi, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, na yeye ananitazama. Mwanangu yule, nimemzaa mimi, na hodi nilimfunza kabla hajajua kuvaa kanzu."

"Na nikija mimi mbona unaifunua?"

"Wewe umepiga hodi. Nimeshajitanda, nimeshajiweka sawa. Nyumba ikishapokea mgeni, atazame anayetaka."

"Na ukianguka tena, Bibi, huku umeifunika?"

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu.

"Nikianguka sitajibu hodi yake. Akiona sijibu, si atajua?"

Wiki nzima nimevuta waya, nimehamisha rauta, nimejiita mnara, na tatizo lilikuwa adabu.

"Kwa hivyo Ami akipiga hodi utamfungulia?"

"Kwani nimepata kumfukuza mtu? Hajapata kurudi mtu mlangoni kwangu akiwa kapiga hodi. Hata mdai wa umeme namkaribisha."

Kamera ile ina kipaza sauti. Ukibonyeza alama yake kwenye simu, ukasema, sauti yako inatokea ukumbini. Dawa ilikuwa pale pale kwenye kiganja changu. Iliyobaki ni kumwambia mkwe wangu mtarajiwa, siku moja kabla ya posa, kwamba mama yake anamwona hana adabu.

Nikarudi barazani kuyajaribu maneno. "Ami, kuna jambo dogo kuhusu malezi yako." Hapana. "Ami, mama anasema unamchungulia." Mungu apishe mbali. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo nilipofanya lile ambalo limenifanya niandike leo badala ya kulala usingizi wa watu.

"Ami," nilisema kwenye simu, "nimeligundua. Kamera hii ni ya kisasa, ina ulinzi wa sauti. Bonyeza alama ya kipaza sauti, useme neno lake. Ikikutambua, inafunguka."

"Neno gani?"

"Hodi."

"Hodi yetu hii?"

"Hiyo hiyo. Wameitengeneza kwa ajili ya watu wa huku."

Nikasikia anakohoa kusafisha koo. Kisha, kutoka ukumbini, kupitia dirisha lililo juu ya kichwa changu, sauti ya Mahfoudh ikasema kwa heshima zote: "Hodi."

"Nani?" aliuliza Bi Mize kutoka jikoni.

"Mahfoudh."

"Karibu, mwanangu. Subiri kidogo."

Ndara zikakokota. Picha ikafunguka, na Bi Mize yuko mbele yake kajitanda, anatabasamu kwa meno yake yote aliyobakiwa nayo. Wakasalimiana, wakaulizana habari, wakacheka. Kisha Mahfoudh akarudi kwangu kwenye simu.

"Shaame, mashine hii inaniuliza jina kwa sauti ya mama. Wamemrekodi lini?"

Hapo ndipo pa kusema kweli. Nilipaona kabisa. Mdomo wangu ukapita pembeni.

"Wakati wa kuifunga, Ami."

"Subhanallah," alisema. "Wewe si fundi, wewe ni mtaalamu. Washenga wako waje kesho kama tulivyopatana. Nadir nitamwambia mwenyewe asije."

Jioni ile ile wenzake watatu huko Maskati walinipigia, kila mmoja anataka mama yake afungiwe kamera ya hodi. Faiza alipopata habari alicheka mpaka akapaliwa, kisha akaacha mzaha.

"Mwambie baba kweli."

"Nitamwambia baada ya posa."

"Kabla, Shaame."

"Kabla ataghadhibika."

"Na baada?"

Nikajifanya mtandao umekatika.

Sasa Ijumaa. Mnajua kwamba mposaji hahudhurii posa yake. Wanakwenda wazee, yeye anakaa mbali anakula kucha. Lakini Mahfoudh aliamuru fundi awepo, asije akapata kiza katikati ya mazungumzo. Kwa hivyo mimi nilihudhuria posa yangu nikiwa juu ya ngazi, kando ya kabati, nimeshika waya. Mjomba wangu Silima, aliyetoka Makunduchi na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akapitisha kwamba mimi sipo.

"Kijana wetu," alianza, akinitazama usoni, "ni mtaratibu. Mngemwona mngempenda."

Nikainamisha kichwa, sipo.

"Hodi," alisema Mahfoudh ndani ya kamera.

"Nani?" alisema Bi Mize kitini kwake.

"Mahfoudh."

"Karibu, mwanangu."

Akasimama, akalivuta buibui, ambalo sasa haliondoki mpaka mwanawe apige hodi hata wageni wakiwepo, na Mahfoudh akaingia ukumbini kwetu kwa kanzu na kilemba. Nyuma yake, kwenye simu yangu, ambayo niliifungua upande wa picha ili na yeye aonekane, walikuwa wamepangana wenzake wale watatu, shingo ndefu, wamekuja kuona maajabu.

"Mmesikia?" Mahfoudh aliwaambia. "Si nimekwambieni? Mashine inauliza jina."

"Mashine gani?" alisema Bi Mize.

Nikaushika ule waya kwa mikono miwili.

"Hii kamera, Mama. Imerekodiwa sauti yako. Ukisema hodi inauliza nani."

Bi Mize aliweka kikombe chake chini, taratibu.

"Mahfoudh. Mashine ndiyo iliyokunyonyesha?"

"Mama?"

"Anayekuuliza nani ni mimi. Wiki nzima nalivisha jicho hili buibui kwa sababu unaingia ndani mwangu kama mbuzi aliyekata kamba. Jana umepiga hodi, nikasema alhamdulillahi, kakumbuka. Kumbe kakufunza huyu aliyeko juu ya ngazi."

Wale watatu wa Maskati wakatoka kwenye picha, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kazi.

"Shaame," alisema Mahfoudh.

"Naam, Ami."

"Kijana wetu hayupo hapa," alisema Mjomba Silima, kwa mazoea tu.

"Hukunambia mimi kuna ulinzi wa sauti?"

"Nilikwambia, Ami."

"Hukunambia mama karekodiwa?"

"Nilisema, Ami. Niliogopa. Nilishindwa kukwambia kwamba mama anataka hodi, nikaona bora niisingizie mashine. Nisamehe."

Nilidhani nikilitoa litapungua uzito. Likaongezeka.

"Umenifanya kichekesho mbele ya watu!" Sauti ikapasuka kwenye kile kispika kidogo mpaka kikakwaruza. "Bado sijakupa mke unanidanganya, nikishakupa je? Nani atamwoza binti yake kwa mtu wa namna..."

Hatukusikia namna gani. Bi Mize alikuwa ameshasimama, kalichukua buibui, kalitupia juu ya kamera, na picha ikawa nyeusi tii.

"Hapandishi mtu sauti ndani mwangu mbele ya wageni," alisema, akakaa na kujitengeneza mtandio. "Sasa yuko nje. Mwanangu huyu wa juu ya ngazi kadanganya, na nitamsema mwenyewe kwa wakati wake. Lakini aliyekuja kwa hodi ni yeye. Mahfoudh unanisikia?"

Buibui halikujibu.

"Mwenye binti ni wewe, wala sikuondolei haki yako. Ukipiga hodi, nitakufungulia na posa iendelee. Usipopiga, tutajua umekwenda zako, na hawa nao watakunywa kahawa yao waende kwao."

Sote tukaligeukia lile kabati. Mjomba Silima ameshika kikombe hewani. Nyuma ya pazia la ndani, bangili za Faiza, ambazo zilikuwa zikilia kidogo kidogo tangu tulipofika, zilinyamaza. Nikaitazama simu. Mahfoudh kaizima picha yake, lakini simu hajaikata, na nukta ya kijani bado inawaka. Alikuwa bado yuko, kule upande wa pili wa kitambaa, anavuta pumzi.

Nilimpenda Faiza kwa wakati ule kuliko wakati wowote, na nilijua naweza kumkosa kwa neno moja ambalo kila mtoto wa kisiwa hiki analijua.

"Hodi," ikasikika.

Nusura nianguke na ngazi. Mjomba Silima akasema alhamdulillahi kwa nguvu. Bangili zikalia zote kwa pamoja. Bi Mize akatabasamu, akanyoosha mkono mpaka kwenye buibui, akalishika pindo.

"Nani?" aliuliza, kwa upole kabisa.

"Nadir, Bibi. Niko na wazee wangu. Tumeitwa na Ami Mahfoudh."

Sauti haikutoka kwenye kamera, ilitoka mlangoni. Chini ya buibui mtu akavuta pumzi, na Mahfoudh akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Lahaula. Nilisahau kumkataza."

Bi Mize akautazama mlango. Akanitazama mimi juu ya ngazi. Mtu kapiga hodi kwake, na hajapata kurudi mtu.

"Karibuni," alisema, na mkono wake bado umeshika pindo la buibui. Hapo nawaacheni mpaka wiki ijayo.